Upawa wa Bi Mboni

Pande, mwezi wa Mfungo Tano, mvua za kwanza zimeshaanza.

Kwa mdogo wangu Samia binti Hasani, Lindi.

Assalamu alaikum. Ndugu yangu, katika barua yako nimetafuta shikamoo juu, chini na pembeni, sikuiona hata moja, na mimi ndiye mkubwa wako. Basi nimeamua kujiitikia mwenyewe: marahaba, marahaba sana. Mimi ni mzima. Nakohoa kidogo, nalala kidogo, nakula sana. Meno yaliyobaki yanasalimiana kwa mbali, lakini kazi yanafanya. Na wewe je, magoti yako yanasemaje na baridi hii ya mvua? Wanao wazima? Na yule jogoo wako mwenye kiburi, bado anatawala ua au mlishamla? Nasikia huko Lindi Mdachi amezidisha kodi. Hapa naye hajatusahau, bado tu hajatoza kikohozi, akitoza nimekwisha.

Barua yako aliniletea Bakari, mwuza samaki wa ng'onda, nayo ilikuwa inanuka papa mpaka paka wa jirani walinisindikiza nyumbani. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na kama ungeongeza mistari miwili ningeisoma nimelala chini. Unasema Bakari amekuambia kwamba mjukuu wetu Mwahija amekonda, amekuwa kama ufito wa kujengea. Unasema wakwe zake wanamnyima chakula. Unasema mimi niliyeipokea posa, nikakuapia kwamba nyumba ile ni nyumba ya watu, nimekaa tu nakuna tumbo. Na kwamba mwezi mwingine ukiandama utakuja na wanao na machela, umbebe mtoto umrudishe Lindi, na ndoa ife hapo hapo. Samia, wewe hata udogoni ukiumwa na siafu mmoja ulikuwa unataka kuchoma kichaka kizima.

Sasa keti. Chukua mkeka wako, weka miguu juu, mwambie huyo anayekusomea asome polepole, asiruke mahali. Bakari hakusema uongo. Alichokiona alikiona. Ila alikiona mwezi ule mwingine, na tangu siku hiyo yametokea mambo, nayo ndiyo ninayotaka kukueleza kabla hujawatoa wanao mashambani.

Kwanza, Mwahija ana mimba.

Nimeliandika neno hilo waziwazi, Mungu anisamehe, maana hapa kwetu mimba changa haitajwi, unajua mwenyewe. Husemwa hajisikii vizuri. Husemwa ana homa ya tumbo. Mtoto wa watu anatapika nyuma ya jiko asubuhi, anatapika njiani mchana, na kijiji kizima kinageuza uso na kuyasifu mawingu. Mwahija naye, kwa kuwa umemlea wewe na umemfundisha haya kupita kiasi, alificha vizuri kuliko wote. Alijifunga kaniki mbili, akawa anakwenda kisimani wa kwanza na kurudi wa kwanza, na mumewe Mfaume, ambaye yuko kwenye shamba la pamba la Mdachi na hurudi siku moja moja, hakujua kitu. Mimi pia sikujua. Nilimwona amepungua mashavu, nikamtania kwamba mke wangu ananikondea kwa mapenzi, akacheka kidogo akaenda zake.

Siri ilitolewa na shanga. Alikuwa kisimani na wanawake wenzake, amejitwisha mtungi, akainua mguu apande jiwe, na shanga zake za kiunoni, zile nyekundu na nyeupe ulizomtungia wewe mwenyewe siku ya harusi yake, zikateleza nyongani, zikapita mapajani, zikatua miguuni kama nyoka aliyechoka. Nyuzi zote, Samia. Mtungi ukaanguka. Wale wanawake kwanza walicheka, maana nani asingecheka, kisha mmoja akanyamaza, na mwingine akanyamaza. Shanga za mwari aliyeolewa mwaka jana haziwezi kudondoka hivyo. Zilipotungwa zilimbana mpaka akalalamika. Mwahija aliziokota akazikumbatia kifuani, akaketi kwenye matope akalia, na katika kulia akasema ana mimba, jambo alilokuwa amemwambia mkwe wake peke yake. Jioni habari ilikuwa imefika kwangu na kunipita.

Nikaenda kwa mkwe wake. Bi Mboni unamkumbuka, ulimwona harusini: mwanamke mrefu, mkavu, asemaye kidogo, mume alimpoteza katika vita vya maji, na baada ya vita njaa ikamwachia huyu Mfaume peke yake. Nilimkuta jikoni anasonga. Nikamwambia, Mama Mfaume, mke wangu anakonda na wewe unasonga ugali, huo ugali unaenda wapi? Akanijibu bila kugeuka kwamba mwanamume mwenye adabu hubaki barazani. Nikamwambia adabu nitaileta kesho, leo nimekuja na masikio tu. Basi nikakaa pale pale juu ya kinu, nikatazama kwa macho yangu.

Alipakua. Mfaume hakuwapo, kwa hiyo alianza na mimi mgeni, akanijazia. Kisha akachukua upawa, ule wa kifuu wenye mpini mrefu, akachota uji mwepesi wa muhogo, upawa mmoja, akamtilia Mwahija kwenye kibakuli. Mmoja tu. Samaki hakumpa. Kunde hakumpa. Yai tusiseme, mayai wajawazito wa nyumba ile hawayagusi, eti mtoto huzaliwa kipara, mimi nimekula mayai miaka sitini na kipara nimekipata hata hivyo. Mwahija alikunywa ameinama, akasema ahsante mama. Nilipouliza mbona kidogo, Bi Mboni alisema mtoto akila sana tumboni haji. Nikaondoka nikitukana njia nzima, mbuzi wa watu wakashangaa.

Nikasema basi, kama huyu hataki kumlisha, nitamlisha mimi. Na haki ninayo, kwani babu na mjukuu wake wana utani wao na hakuna mkwe awezaye kuukataa. Nikatuma neno kwamba mimi mzee ninaumwa kiuno, nataka mke wangu aje anipikie kila siku mchana. Bi Mboni akamruhusu, afanyeje. Na hapo, ndugu yangu, ndipo nilipofanya ujinga wangu, usicheke.

Mimi nilisoma chuoni mpaka mwalimu akachoka kunichapa, lakini kuhusu mimba sikusoma hata herufi. Nilichokijua ni kile wasemacho wanaume barazani, kwamba mwenye mimba anakula kwa watu wawili. Basi nikapiga hesabu yangu. Wali wa nazi wa watu wawili. Pweza wa watu wawili. Boga la kupaka ufuta, la watu wawili, na mimi nikala kwa mtu mmoja na nusu ili asione haya. Nilimkalia mbele, kila akiweka mkono chini namwambia bado mwenzako hajashiba. Alikula, maskini, kwa heshima. Alikula mpaka macho yakamtoka. Kisha akasimama, akaenda nyuma ya nyumba, na vyote vya watu wawili vikamwagikia kuku wangu mmoja aliyekuwa anaatamia. Yule kuku hakurudi tena kwenye mayai yake.

Nikadhani ni pweza. Kesho yake nikabadilisha, nikapika kambale. Ilikuwa vile vile. Nikabadilisha tena. Ilifika mahali Mwahija akiona kofia yangu inatokeza kwenye uzio anaanza kuziba mdomo. Siku moja alipiga magoti, akaniambia, babu, nakupenda, lakini usinipikie tena, hata harufu ya jina lako inanichafua moyo. Na mashavu yake yalikuwa yamezidi kuingia ndani. Kwa hiyo kule nyumbani mtoto alikuwa anakondeshwa kwa uchache, na huku kwangu anakondeshwa kwa wingi. Wakati huo ndipo Bakari wako alipopita na ng'onda zake akamwona. Naye alikuwa na haki ya kushtuka. Mimi nilikuwa nashtuka kila siku.

Nikaenda kwa Veronika. Huyu humjui. Ni Mmwera wa kule karibu na Mtama, jina amepewa na mapadri, kijiji chao kilichomwa wakati wa vita akashuka pwani na vyungu vyake, na sasa anazalisha wanawake wa hapa wote, wanaosali na wasiosali. Ni mtani wangu kabisa, hatuonani ila tunatukanana. Nilimkuta anafinyanga, ugoro umemjaa puani. Nikamweleza. Alicheka mpaka chungu kikapinda mkononi. Akaniuliza kama mimi nimewahi kuona uduvi. Nikasema nimezaliwa pwani, nimeona uduvi kabla ya kumwona mama. Akasema basi mtoto wa miezi hii ni kama uduvi, sasa nimwambie, uduvi mmoja anakula sahani ngapi za wali wa nazi, ewe fisi wa Pande?

Nilikuna kipara, maana hesabu ya uduvi sikufundishwa chuoni.

Akafuta mikono, akaacha mzaha kidogo, si wote. Akasema mwanamke mwenye mimba changa hahitaji sahani ya pili. Katika miezi ya mwanzo haongezeki ila kidogo mno, kiasi ambacho mume hawezi kukiona, na wengine hawaongezeki kabisa nayo si hatari. Kunenepa kwenyewe kuna wakati wake, mbele, tumbo likishakuwa tumbo, na hata huko huja polepole kama boga shambani, si kama kuku anayenoneshwa kwa ajili ya Idi. Kibaya ni kushuka, na kuzidi kushuka. Mwili wa mama ukianza kujila wenyewe, mtoto atakula nini. Akasema mwanamke huyo apewe kidogo, kisha kidogo tena, kisha tena, mchana kutwa, tumbo lisiwe tupu na lisijae. Asubuhi kabla hajainua kichwa atafune kitu kikavu, muhogo wa kuchoma ni mzuri. Akishikwa na kichefuchefu anyonye ukwaju. Samaki ale, kunde ale, kisamvu ale, chochote ambacho pua yake haijakikataa siku hiyo, na pua ikibadilisha mawazo kesho msigombane nayo. Na yai? nikauliza. Akasema yai mpe wewe uliyelizuia lisianguliwe. Akamalizia kwamba siku shanga zitakapoacha kuteleza tutajua tumefika, na kwamba kwa ushauri huo anataka yule kuku aliyetapikiwa. Nikampa, alikuwa hana kazi tena.

Basi tukaanza upya, Mwahija na mimi. Kidogo, na tena kidogo. Kipande cha muhogo. Baadaye kidogo, uji mzito wa mtama wenye ufuta, nusu kibakuli. Baadaye, dagaa wa kuchoma wanne watano na ukwaju. Hakuvirudisha vyote. Siku nyingine hakurudisha kitu. Ila alikuwa anakula kwangu mchana tu, na akirudi kwao ni ule upawa mmoja, na asubuhi kabla ya kuamka hakuna wa kumwekea muhogo. Nikamwambia auchukue aufiche chini ya mto. Akaona haya kumficha mkwe wake chakula ndani ya nyumba yake, wewe umemlea vizuri mno, nimekwisha sema.

Siku ya Ijumaa, wanaume wako msikitini, mimi kiuno changu kiliniruhusu kubaki, nikachukua uji wa mtama kwenye kibakuli nikampelekea mwenyewe kwao. Veronika alikuwa pamoja nami, alikuja kumpapasa tumbo. Mwahija ameketi uani, ameshaanza kunywa, Bi Mboni akatokea shambani na jembe begani. Akatazama kibakuli. Akaniangalia mimi. Akaweka jembe chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, akamnyang'anya Mwahija kibakuli mkononi, akamwagia kuku.

Samia, unanijua. Sikumbakizia kitu. Nilimwambia mbele ya mkwewe na mbele ya mgeni kwamba ana moyo wa gunzi. Nilimwambia njaa ya Mdachi imekwisha lakini yeye ameibakiza moja ya kwake ndani ya chungu. Nilimwambia anajiwekea akiba ya mtama kwa kumkamua mtoto wa watu, na kwamba nitakuandikia wewe uje umchukue mjukuu wako siku hiyo hiyo, na Mfaume akatafute mke mwingine anayekula upepo. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki kwa sababu anayekusomea ni kijana. Mwahija alikuwa analia, ananivuta shuka, ananiambia babu basi, babu basi.

Nilingoja anitukane. Ningefurahi. Bi Mboni hakunitukana. Aliketi chini, pale pale kwenye uji uliomwagika, kuku wakamzunguka, akauokota ule upawa uliokuwa umeegemea jiko, akaanza kuugeuzageuza mapajani.

Ndipo akasema, na hili ndilo nililotaka ulijue, maana ndani ya barua yako nzima hukuliuliza, na mimi niliyeishi naye kijiji kimoja sikuliuliza.

Alisema kwamba alikuwa na binti. Sote tulijua alikuwa naye, Somoe, alikufa mwaka wa njaa. Walikufa wengi mwaka ule, hatukuulizana nani amekufaje. Alisema Somoe alikuwa na mimba wakati vita vilipopita na maghala yakachomwa. Mumewe Somoe hakurudi. Bi Mboni akaapa kwamba mwanawe hatakonda kama wanawake wengine. Alikuwa anaingia kichakani alfajiri kuchimba mizizi ya ming'oko, anachimba kwa kijiti, kijiti kikivunjika anachimba kwa kucha. Akirudi anachemsha, anaponda, anamnywesha Somoe kwa upawa huu. Yeye mwenyewe alikuwa anakunywa maji ya majani. Mifupa ya samaki aliyoipata ufukweni aliisaga akamtilia. Watu walimsifu. Walisema tazameni, kijiji kizima ni mafupa, binti wa Mboni ana mashavu. Tumbo likawa kubwa, zuri. Wanawake wengine wenye mimba, wale waliokonda kama mafito, walizaa watoto wadogo kama viganja, wakazaa upesi kama mtu anavyopiga chafya. Ikafika zamu ya Somoe. Kuzaa kukashindikana. Mkunga wa wakati ule alikuwa ameshakufa, alikuwapo Bi Mboni na jirani mmoja tu. Mtoto hakuja. Ulikuja mkono. Bi Mboni akaushika ule mkono mdogo, akausubiri mwili, na mwili haukufuata. Akasema mkono ule ulikuwa mnono. Ulikuwa na kikunjo hapa, akatuonyesha kwenye kifundo chake mwenyewe. Aliushika mpaka ukapoa, na Somoe naye akapoa.

Akasema, mimi ndiye niliyemnonesha. Nilimuua mwanangu kwa upawa huu. Na huyu wa pili aliponiambia ana mimba, niliapa sitamuua kwa namna ile ile.

Ndugu yangu, mimi nina ulimi ambao umenifukuzisha chuoni, umenifukuzisha kwenye msafara wa pembe, na mara moja karibu unifukuzishe duniani. Siku ile ulikuwa umelala mdomoni kama samaki aliyekufa. Nilitazama kuku.

Aliyesema ni Veronika. Hakumliwaza, si tabia yake. Alimwuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chungu, kwamba kilichotangulia ni mkono, si kichwa? Bi Mboni akasema mkono. Kichwa ulikihisi wapi? Bi Mboni akafikiri, akaweka kiganja ubavuni pake, huku. Veronika akasema basi mtoto yule alikuwa amelala upande. Aliyelala upande hapiti, Mboni. Awe mnene, awe mwembamba kama sindano, hapiti. Chakula hakimlazi mtoto upande. Upawa haumgeuzi mtoto. Wale waliokonda waliozaa upesi, nimewaona hata mimi kule kwetu, wangapi kati ya wale watoto wadogo kama viganja wanatembea leo?

Bi Mboni aliuweka upawa chini. Hakuna hata mmoja anayetembea, na anajua.

Kisha akauliza, si chakula? Veronika akasema si chakula. Akauliza tena, sauti imekuwa ya mtoto, si chakula changu? Akajibiwa tena, si chakula chako. Wewe ulimpa mwanao miezi ambayo wenzake hawakuipata. Mwahija akasogea, akaketi karibu naye kwenye matope, mkwe na mkamwana bega kwa bega, jambo ambalo hapa kwetu halifanyiki, na hakuna aliyelikataza. Mimi niliondoka polepole. Msikitini walikuwa wanatoka, mtu mmoja akaniuliza kiuno kinaendeleaje, sikumjibu, akaenda kutangaza kwamba mzee Dadi yu karibu kufa.

Asubuhi yake nilipita pale, nikamkuta Mwahija bado kitandani, mlango uko wazi, anatafuna muhogo wa kuchoma. Haukuwa wangu. Uliwekwa kichwani mwake kabla hajaamka, kwenye kipande cha jani la mgomba, umepanguswa majivu yote.

Tangu hapo Bi Mboni ndiye anayempa, kidogo, na tena kidogo. Usidhani hofu imemtoka. Siku nyingine naona amechota akarudisha nusu chunguni, akatazama, akaichota tena. Yai bado hatujakubaliana. Lakini Mwahija sasa ameingia mwezi wa nne, kutapika kumepungua, na anatembea bila kushika ukuta. Mashavu hayajawa mashavu ya harusi, na Veronika amesema nisiyaharakishe. Ukimtazama kwa haraka utasema hajaongezeka. Zile shanga amezivaa tena na zimekaa, na nakuomba usiniulize nimejuaje, amenijulisha Veronika kwa sauti iliyosikika mpaka Kilangala. Pale kwa Bi Mboni nilipeleka pweza mzima na maneno mafupi ya kuomba radhi, akachukua pweza, akaniambia maneno nibaki nayo, nitayahitaji.

Sasa kuhusu kuja kwako. Mimi sikukatazi, wewe ndiye uliyemlea, na ukisema mtoto arudi sina la kukushinda. Lakini fikiri. Mto Mbwemkuru umejaa, watu wanavushwa kwa kamba. Kumbeba mwenye mimba kwenye machela siku zote hizo, anarushwa juu chini, anakula kinachopatikana njiani na kukirudisha, tutampoteza tunayemwokoa. Na zaidi ya hayo tumekuwa tukimgombania kama nguo ya mirathi bila kumwuliza. Jana nilimwuliza. Alisema anataka kubaki kwa mumewe. Na anakutaka wewe. Nikamwambia chagua kimoja, akasema kwa nini.

Nilipomwambia Bi Mboni kwamba umeandika unakuja kumchukua, kwanza alimaliza kuosha vyungu vyake. Kisha akaniomba nikuandikie maneno yake, akanionya nisitie chumvi. Haya hapa, hayana chumvi. Anasema una haki ya kukasirika. Anasema ukija kumchukua yeye mwenyewe atamkunjia mikeka na kumfungia chakula cha njiani. Lakini kama moyo wako unaweza, anakuomba usije sasa, uje mwezi wa Rajabu, kabla ya siku zake, na usije kumchukua, uje kukaa. Veronika atakuwapo wa kumpokea mtoto. Ila kuna wa kumshika Mwahija mgongo, na mahali pale ni pa mama au bibi wa mzazi, na kwa kuwa hana mama, Bi Mboni ndiye angepashika. Anasema hawezi. Anasema atakapoona kitu cha kwanza kinachotokea, mikono yake itafunguka na atamwachia Mwahija aanguke. Anakuomba umshike wewe. Yeye atakuwa nje ya mlango, atachochea moto, na ukimwita ataingia, na usipomwita hataingia.

Hayo ndiyo aliyoyasema. Alipomaliza alinitazama kuona kama nimeandika, kana kwamba anaweza kusoma.

Basi niletee jibu kwa Bakari, na mwambie safari hii asiliweke pamoja na papa. Wasalimie wanao wote, waambie shuka zangu mbili walizoziazima tangu Idi nimeshazikalia matanga. Msalimie na jirani yako mwenye sauti. Bi Mboni anakusalimu, Mfaume anakusalimu ingawa bado hajui nusu ya mambo, Veronika anakusalimu kwa lugha ambayo siwezi kuiandika. Mwahija anakusalimu kwa heshima zote, na pua yake leo imetamani embe kavu za chumvi unazoanika juu ya ungo, hataki kitu kingine chochote. Ukija, mletee. Lete kiasi cha ngumi moja, usilete kikapu. Ukileta kikapu Bi Mboni atazirai.

Ndimi kaka yako akupendaye, wa tumbo moja nawe,
Dadi bin Hasani, wa Pande.